Vyuma vikikaza, anza na fedha taslimu

Biashara ikiyumba Kariakoo, wengi hukimbilia kushusha bei au kupunguza watu. Huenda yote mawili yakahitajika, lakini ukianza nayo unabahatisha. Kwanza ujue pesa iliyopo itakufikisha wapi.

Chora jedwali la safu 13, kila safu wiki moja. Juu weka salio la leo: droo, benki na simu. Chini yake andika zitakazoingia, kisha zitakazotoka, kila moja kwenye wiki yake. Kinachoharibu jedwali hili mara nyingi ni kuandika mauzo badala ya makusanyo. Mzigo uliotoka leo kwa mali kauli, yaani chukua sasa ulipe baadaye, si pesa ya leo. Kama mteja wa Mbagala huwa analipa baada ya wiki tano, muweke wiki ya tano, hata akiapa vipi. Upande wa kutoka, vinavyosahaulika ni vile visivyokuja kila wiki: pango la fremu linalodaiwa miezi sita kwa mkupuo, VAT, NSSF, na awamu nne za kodi ya makadirio, ile ya mapato unayolipa kwa kukadiria mwaka. Haya makadirio yanaweza kurekebishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mauzo yakishuka, na ajabu ni wangapi wanaendelea kulipa kwa hesabu za mwaka wa neema. Wiki ambayo salio linakwenda hasi, anza kuishughulikia leo.

Sasa bei. Kwa bidhaa za kuagiza, faida ya daftari hudanganya. Tuseme ulinunua kitu cha dola 1 wakati dola ni shilingi 2,300, ukauza 2,760. Daftari linasema faida 460. Dola ikifika 2,700, kurudisha kitu hicho hicho stoo kunakubakizia 60, kabla ya pango na mishahara. Kodi ya mapato nayo itaanzia kwenye 460, si kwenye 60. Kwa hiyo panga bei kwa gharama ya mzigo ujao. Mzigo uliolala, huo uza hata kwa hasara ndogo. Pesa iliyofungwa stoo hailipi mshahara.

Wadai wafuate kabla tarehe haijafika, ukiwa na sehemu ya malipo mkononi na siku ya kumalizia. Anayezima simu hunyimwa mzigo hata hali ikitengemaa. Wadaiwa wapange kwa umri wa deni. Aliyepita siku 60 asiongezewe mali kauli.

Wafanyakazi waambie mapema, kwa tarakimu. Mtunza stoo aliyesikia vijiweni kwamba mshahara utachelewa ataanza kujitafutia. Ila maneno yako hayatakuwa na uzito kama bado unachota droo kwa matumizi ya nyumbani. Jipangie kiasi, na hicho kiwe cha kwanza kupunguzwa.

Ikibidi kupunguza watu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa ya kusudio, ueleze sababu, kisha ushauriane na chama cha wafanyakazi, au wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama: namna ya kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda na malipo. Kumbukumbu za vikao ziwe kwenye maandishi. Wengi hukosea kwa kuita kikao wakati majina yameshabandikwa ukutani. Aliyeondolewa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fidia atakayoshinda hukuiweka kwenye zile safu 13.