Jumatatu ya marejesho

Huku kwetu Mbagala, Jumatatu saa nne tunajifungia uani kwa mwenyekiti wa kikundi, na hatoki mtu mpaka hesabu itimie. Mimi nimekopa 200,000. Nimeondoka na 185,000, maana fomu na kitu wanachokiita bima vilikatwa palepale. Marejesho ni 26,000 kwa wiki, wiki kumi. Kausha damu. Jina hilo tumeupa mkopo huu wenyewe wakopaji, tena kwa kicheko.

Marehemu mama alikuwa akidaiwa kilo mbili za unga kwa Mangi, anazunguka njia ya nyuma asionekane dukani. Mimi juzi nimo kwenye daladala, shoga yangu kapaza sauti toka siti ya nyuma: "Mama Zuwena, ya Jumatatu umepata?" Watu wakacheka. Konda akadakia kwamba yeye anadaiwa sehemu tatu, na simu yake kila ikiingia hela inakatwa kabla hajaiona.

Wanaume wa kijiweni wanasema tunakopea sare za shughuli. Wapo, sikatai, hata mimi nina kitenge cha harusi ambayo ndoa yake imeshavunjika. Lakini uani pale, niliokaa nao mkeka mmoja, mmoja kakopea ada, mmoja kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba anaitaka kwa mkupuo, wawili wamekopa huku wakalipe kule. Na asiyeleta, tunamfuata sisi sisi. Nimewahi kushika upande mmoja wa godoro la mtu. Siku hiyo hakucheka mtu.

Aibu yangu mimi ilinikuta kwenye simu. Ramadhani ya 2024 nilikopa 30,000 kwenye programu moja, nikachelewa siku moja tu. Kesho yake meseji za kunidai zikaenda kwa ustadhi wa madrasa, kwa fundi bomba, kwa mama mkwe. "Mwanangu, eti mimi ndiye mdhamini wako?" Nikamjibu kuna tapeli kakopa kwa jina langu.

Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Nikaisoma moja moja kwa kidole, nikaikuta yangu. Nikataka kumtumia mama mkwe ajionee, kidole kikaishia hewani. Mkopo wenyewe si nilisema haukuwa wangu.