Mama naye anachoka

Binti yetu amefikia umri wa kusema "sitaki" akimaanisha, na siku hizi asiyemtaka hasa ni mimi. Nikimmiminia maji anasukuma kikombe: "Mama aweke!" Jana jioni nilikuwa nimeshamvisha soksi moja. Akaivua, akaishika mkononi, akaenda peku hadi chumbani alikokuwa mama yake, akamkabidhi. Tulicheka wote wawili, ila kicheko changu kiliishia njiani.

Kila ninayemweleza ananiambia atabadilika tu. Sina ubishi, ila maneno hayo hayafui dafu mtoto anapokupiga teke kwa sababu umethubutu kushika mswaki wake.

Mwaka 1964 watafiti Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga 60 mjini Glasgow. Wengi walianza kumng'ang'ania mtu mmoja kwenye miezi saba au minane hivi, na walipofika mwaka mmoja na nusu wengi walikuwa na zaidi ya mmoja, baba mara nyingi akiwemo. Tena aliyeng'ang'aniwa hakuwa lazima yule anayelisha. Aliyepata nafasi hiyo ni yule aliyemwitikia mtoto vizuri. Hilo lilinipa moyo, maana kuitikia naweza.

Wetu lakini ameshavuka umri huo, na nadhani lake ni jingine. Mtoto mdogo ana mambo machache mno anayoyaamua mwenyewe. Saa ya kulala tunampangia, nguo tunamchagulia. Nani amvishe soksi, hapo ndipo penye sauti yake, naye anaitumia yote.

Watu wananionea huruma mimi. Mama yake hakuna anayemwonea, na ndiye anayebeba mzigo. Hawezi kwenda chooni bila vidole vidogo kuchungulia chini ya mlango. Anakula kwa mkono mmoja, mtoto kajilaza begani. Siku moja nilipokuwa nalalamika alinikata kauli: "Wewe, baba, unaumwa moyo. Mimi naumwa mgongo." Tangu hapo nimepunguza kujihurumia.

Kwa hiyo kuogesha ni kazi yangu, akilia asilie. Tumegundua kwamba mama akisimama mlangoni kubembeleza, kilio kinarefuka, maana mtoto anaona mlango bado uko wazi. Akiaga vizuri na kuondoka kweli, analia kidogo, kisha anataka kopo la kumwagia maji mdoli wake. Kutoroka kimyakimya hatutaki. Atakuwa anamtafuta nyumba nzima. Na zawadi za kumnunua sitoi. Atazipokea, kisha atampelekea mama yake afungue.

Jamaa wanaopenda kumuuliza "unampenda nani zaidi, baba au mama?" nimewaomba waache. Wao wanapata cha kuchekea, sisi tunabaki na jibu nyumbani.

Akisema "si wewe!", mama yake sasa humjibu "leo ni zamu ya baba", nami naendelea na kazi bila kununa. Usiku ndiko hatujapatana. Yeye anaona niamke mimi hata kama mtoto anamwita yeye. Mimi naona saa nane za usiku si wakati wa kumzoesha mtu jambo jipya. Tumelizungumza tena leo, na kila mmoja amebaki na lake.