Jinsi nilivyoizuia sitaha ya mashua yangu ya mbao kuvuja

Kila mvua iliponyesha, matone yaliangukia kitanda kilekile. Nilikalafati juu yake mara mbili, yaani niliziba nafasi kati ya mbao za sitaha, bila mafanikio. Kumbe maji hupenya kwenye mwanya, yakatambaa chini ya ubao hadi kwenye boriti, ndipo yakadondoka. Nilifuata michirizi myeusi ya unyevu: mwanya wenyewe ulikuwa mita nzima mbele, karibu na mlingoti.

Nikaukwangua kwa patasi nyembamba hadi ubao safi ukaonekana, nikauacha ukauke siku 4 chini ya turubai. Kisha pamba, nikiishindilia taratibu. Ukiijaza kupita kiasi, mbao zikivimba zitasukumana. Juu yake nikamimina lami. Jioni naimwagia sitaha maji ya chumvi, mbao zisisinyae. Mvua 3 kubwa zimepita, kitanda kikavu.