Siku Moja Maishani Mwangu: Msimamizi wa Kundi la Watazama Nyota

Nikimwambia mtu kwamba nalipwa kusimamia mazungumzo ya mtandaoni ya watu ambao hobi yao ni kutazama nyota, hucheka kwanza, kisha huniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Siwalaumu. Hata mimi nilidhani watu waliokutanishwa na mwezi na darubini hawana cha kugombania.

Saa 12 asubuhi. Sijanawa uso, lakini kompyuta iko wazi. Usiku kichujio, ile programu inayosaka maneno makali, kimezuia jumbe 41, na nyingi hazina kosa lolote. Leo kimemzuia mwanachama aliyekuwa akisimulia habari za nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo (yaani mkusanyiko wa nyota) iliyo jirani na yetu, kwa sababu neno "mlipuko" limo katika orodha ya vitisho. Wakati huohuo kimeupitisha ujumbe usemao, "Hongera, profesa, leo tumeelimika," ambao kila ajuaye Kiswahili anatambua kuwa ni tusi lililovaa kanzu. Ndiyo maana bado nina ajira.

Saa 2 hadi saa 4. Kuidhinisha wanachama wapya, kufuta matangazo ya matapeli, kuunganisha maswali yaleyale ya darubini ya kwanza kununua.

Saa 4 na robo. Kijana aliyejiunga wiki tatu zilizopita anaweka picha yake ya kwanza ya galaksi ya Andromeda. Nuru iliyosafiri miaka milioni 2.5 imetua kwenye kamera yake kama doa la ukungu, refu kiasi, lenye kiini kinachong'aa, na juu yake imepita mistari minne myeupe iliyo sambamba, kama mikwaruzo ya kucha. Anauliza kwa adabu namna ya kuiondoa.

Wa kwanza kujibu alisema, kwa usahihi, kwamba hizo ni setilaiti. Tangu Mei 2019, setilaiti za intaneti zilipoanza kurushwa kwa mafungu ya sitini, picha za namna hii zimekuwa nyingi. Wa pili akalalamika kwamba anga limeporwa, wa tatu akamkumbusha kwamba wapo watu ambao hawana njia nyingine ya kupata intaneti. Hadi hapo sikugusa kitu, kwa sababu joto peke yake si kosa. Tunao watu ambao hadi leo hawajakubali kura ya Agosti 24, 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoiondoa Pluto katika orodha ya sayari, na wanapong'ang'ania hoja zao wapya hujifunza mengi.

Mchango wa kumi na nane ulimtaja mmiliki wa kampuni inayorusha setilaiti hizo. Baada yake ukaja uchaguzi, kisha kodi, kisha dini, na kabla ya adhuhuri mtu alikuwa ameshatukaniwa mama yake. Mwaka 1990 mwanasheria Mmarekani Mike Godwin alitunga kanuni ya nusu mzaha kwamba kadiri mjadala wa mtandaoni unavyorefuka, ndivyo uwezekano wa mtu kufananishwa na Hitler unavyokaribia kuwa hakika. Sisi tulifika huko saa 8 mchana.

Ingekuwa wageni wakorofi ningewafungia na kwenda kula. Lakini waliokuwa mstari wa mbele ni wazee wawili ambao bila wao kundi hili lingekuwa ganda tupu: mmoja amewafundisha wengi kusugua vioo vya darubini kwa mikono, mwingine huandika kila mwezi mwongozo wa sayari zitakazoonekana. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kwamba mtandaoni watu hulegeza breki kwa sababu, pamoja na mengine, hawaonani wala hawajibizani papo kwa papo. Nakubali, ila wazee wangu hawa wanafahamiana kwa majina halisi kwa miaka tisa, na pengine ndiyo sababu kila mmoja alijua vizuri pa kumchoma mwenzake.

Niliweka kizuizi ili kila mtu aweze kuandika mara moja tu kwa nusu saa. Lilikuwa kosa, kwani ile nusu saa waliitumia kunoa, na kila mchango ukarudi mrefu na mkali kuliko uliotangulia. Nikaanza kuihamisha michango iliyotoka nje ya mada, nikamwandikia faraghani mzee wa vioo ujumbe nilioufuta mara tatu kabla ya kuutuma: "Shikamoo mzee wangu. Sikufuta maneno yako, nimeyahamisha tu, maana hayahusu picha." Akajibu, "Usinifundishe adabu, nimekuzidi umri." Dakika moja baadaye akauliza kwa nini mchango mmoja wa mwenzake ulikuwa umebaki. Nikahesabu. Alikuwa na haki, ulikuwa umenipita. Nikauhamisha na kumwomba radhi, na yule wa pili naye akaniandikia kwamba nina upendeleo.

Nikaufunga mjadala. Ukachipuka chini ya picha ya mwezi, kisha katika swali la mtu kuhusu betri. Zamu yangu huisha saa 11, lakini sikumbuki kuitazama saa. Nakumbuka macho yakiwasha na chai iliyopoa bila kuguswa.

Usiku ndipo nilipogundua kwamba yule kijana ameifuta picha yake na kuacha mstari mmoja: "Samahani kwa usumbufu." Kati ya majibu 163, mawili tu yalihusu swali lake. Nikamwandikia mwenyewe: badala ya picha moja ya muda mrefu, apige nyingi za muda mfupi, azipange moja juu ya nyingine kwa programu, kisha aiamuru itupe kila nukta inayotofautiana sana na zilizo mahali pale katika picha nyingine, kwa kuwa mstari wa setilaiti hauonekani mahali palepale katika kila picha. Nikamwomba airudishe.

Hadi saa 5 alikuwa hajajibu. Katika foleni kulikuwa na jumbe 12, na wa kwanza ulitoka kwa mzee wa vioo, akiuliza ile Andromeda imekwenda wapi, maana alikuwa bado hajamjibu mwenyewe.