Siku Niliyokula Kiapo cha Uraia wa Kenya

Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Moshi, na mke wangu ni Mkenya wa Kitui ambaye nilifunga naye ndoa mbele ya msajili katika jengo la Sheria House, hapa Nairobi. Mwezi uliopita niliitwa pamoja na waombaji wengine katika ukumbi mmoja wa serikali jijini, nikala kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Kenya na kukabidhiwa cheti cha uraia. Tangu siku hiyo nimeulizwa na watu wengi waliooa au kuolewa nchini jinsi mambo yalivyokwenda, na nimeona ni vyema niyaandike, hasa kwa kuwa wengi wao hawajui kwamba wanachokiomba ni haki yao, wala si hisani ya afisa yeyote.

Haki hiyo imo katika Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba mtu aliyekaa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba anastahili kusajiliwa kuwa raia pindi anapoomba. Kifungu hicho hakibagui kama raia huyo ni mume au mke, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo uzito wote. Chini ya Katiba iliyotangulia, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kusajiliwa, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakufunguliwa mlango huo. Na mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba, si kwa mama. Maana yake ni kwamba mke wangu asingeweza kunipa mimi kile ambacho kaka yake wa tumbo moja angempa mkewe bila swali. Uraia wangu umepitia kwake, na ninalisema hilo kwa fahari kila ninapopata nafasi.

Kuhusu hatua za maombi sina mengi ya kusimulia. Maombi huanzia kwenye mfumo wa eCitizen, kisha karatasi na mahojiano hufanyika Nyayo House, kwenye makao ya Idara ya Uhamiaji. Niliambatisha cheti cha ndoa, pasipoti, kadi ya mgeni, kibali cha ukaazi na cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho hutolewa baada ya mtu kuchukuliwa alama za vidole. Ninachowasisitizia wenzangu ni kukagua majina herufi kwa herufi kabla ya kuwasilisha chochote, kwa sababu jina likiandikwa hivi kwenye cheti cha ndoa na vingine kwenye pasipoti, faili husimama hapo hapo. Kusubiri ni kurefu, na subira hiyo ni afadhali muigawane wawili. Mke wangu ndiye aliyekuwa akifuatilia faili kila nilipoanza kukata tamaa.

Jambo zito zaidi halikuwa karatasi. Tanzania hairuhusu mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake kubaki na uraia wake wa awali, kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba ninachokipokea kina gharama. Kwenye jalada la pasipoti niliyoizoea kuna nembo ya mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya Mlima Kilimanjaro, mlima ambao nimekua nikiuona kutoka uani kwetu. Nilisafiri kwenda Moshi kumweleza mama yangu ana kwa ana, kwa sababu habari ya namna hiyo haifai kupelekwa kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza iwapo nitahitaji ruhusa ya mtu kuja kumzika. Nilimweleza kwamba Wakenya na Watanzania huvuka Namanga bila viza, na kwamba wajukuu zake wamevuka hapo mara nyingi wakiwa Wakenya. Akanibariki. Ninamshauri yeyote aliye katika hali kama yangu azungumze na wazazi wake kabla ya kutia saini, wala si baada ya kiapo.

Siku yenyewe tuliambiwa tufike asubuhi na mapema. Kila mmoja alikaguliwa jina lake kwenye orodha, akaulizwa kama ataapa kwa Biblia, kwa Kurani au atathibitisha bila kitabu, kisha akaonyeshwa kiti chake. Jamaa waliketi nyuma. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Uganda, na nyuma yetu mkewe, mama wa Kikenya mwenye mvi. Nilipomwamkia shikamoo, kama nilivyolelewa, alicheka kwa furaha na kunijibu, “Marahaba, mwanangu,” kisha akaniambia kwamba walioana wakati sheria bado ilikuwa ile ya zamani, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa akimsindikiza mume wake kuhuisha kibali cha kuishi katika nyumba ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeijenga.

Kiapo tulikila kwa pamoja, tukimfuatisha afisa sentensi kwa sentensi. Mwanzoni kila mtu hutaja jina lake kamili, na hapo sauti zetu zilitawanyika: majina ya Kisomali, ya Kihindi, ya Kiganda, ya Kikongo na langu la Kichaga yakapandana kwa muda mfupi, hata usingeweza kulitenga moja na jingine, kisha sote tukarudi kwenye maneno yale yale ya kuahidi utii kwa Jamhuri na kuiheshimu Katiba yake. Sikutarajia kwamba sauti yangu ingetetemeka, lakini ilitetemeka. Baadaye tuliimba wimbo wa taifa, ambao muziki wake unatokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, na mke wangu aliimba kwa nguvu kuliko watu wote wa safu yake.

Afisa aliyetukabidhi vyeti alitukumbusha jambo ambalo naliona ni la haki kulitaja: uraia wa kusajiliwa unaweza kubatilishwa kwa sababu zilizotajwa katika Kifungu cha 17, kama vile kuupata kwa udanganyifu, au kufungwa jela miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka mitano baada ya kusajiliwa. Mzee wa Uganda alikipokea cheti kwa mikono miwili, akageuka na kumpa mkewe akishike.

Baada ya cheti, kinachofuata ni kitambulisho cha taifa, na maombi yangu nimekwisha kuyawasilisha. Nakala za cheti nimezitoa kadhaa na kuzithibitisha kwa wakili, kwa kuwa kila ofisi hutaka yake. Kitambulisho kikitoka nitajiandikisha kuwa mpiga kura katika eneobunge la Kasarani, tunakoishi, ili Agosti 2027 mimi na mke wangu tupange foleni moja.