Maswali 20 kwa Kidato cha Tatu

Leo hapa Chake Chake niliwapa wanafunzi wangu maswali 20 ya historia, siasa na mambo ya dunia. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 waliyapata wote, na Muungano wa 26 Aprili vilevile. Nilipouliza Mzanzibari gani alikuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1979, darasa zima kimya. Mmoja aliandika Kofi Annan, akafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka.

Ni Salim Ahmed Salim, nikawaambia. Ndiye pia aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1989 hadi 2001.

"Maalim, wetu kabisa? Wa hapa hapa?" akauliza binti wa dawati la nyuma.

Roho iliniuma. Kesho naanza somo na yeye.