Kitabu cha namba na jini wa saa tano na dakika kumi na tisa

Siku ya kumi na mbili leo tangu rekebisho la mwisho. Stima (umeme) imepotea mara nne, ikarudi mara nne, na namba ya simu ya nahodha wetu iko palepale nilipoiweka. Nimechelewa kuandika makusudi. Mara mbili nilishamwambia shangazi kazi imekwisha, na mara zote mbili haikupita siku mbili, namba ya zamani ikawa imerudi na kukaa kitako.

Kwa mliokuja karibuni: hii ni nyumba ya wageni ya shangazi yangu, Mkomani, Lamu. Kompyuta tatu: ya mezani iko chini mapokezi, kuukuu, ina mfumo wa Linux Mint, laputopu ya shangazi iko juu, ya tatu ni yangu. Juu ya hizo kuna simu nne za wafanyakazi. Wote wanataka kitabu kimoja cha namba: manahodha, wenye punda, mafundi wa bomba, muuza barafu, wavuvi, dereva wa Mokowe ng'ambo ya bara. Watu 612. Seva ni Raspberry Pi 3 (Pi), kompyuta ndogo ya kiganjani, nimeiweka ndani ya kidaka ukutani, mahali ambapo zamani palikaa vyombo vya kaure. Ndani yake kuna Radicale, programu inayokitunza kitabu na kukigawa kwa wote. Kukisoma na kukiandika, kwenye kompyuta tunatumia programu ya Thunderbird, kwenye simu DAVx5.

Sitarudia hadithi yote ya faili la LibreOffice Base, orodha ya namba tuliyoijaribu mwanzo kwenye folda ya pamoja ya Samba. Anayefungua wa kwanza ndiye mwenye mali, waliobaki ni watazamaji. Nextcloud, programu kubwa ya kushirikiana mafaili na namba, nayo niliijaribu jioni moja tu. Kwa Pi yenye kumbukumbu ya GB 1 ni kama kumpakia punda mmoja matofali ya nyumba nzima. Na kuweka namba zetu kwenye huduma za bure za mtandaoni hakutufai, kwa sababu bando letu lina tabia ya kuisha siku ile boti imejaa.

Waya wa mtandao nao nisiseme sana. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima mpaka kiwiko, na Wi-Fi ikigonga pale inakufa. Kutoboa sikuthubutu. Waya umepita juu, umefuata boriti, ukashuka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kichwa kimoja kilishaota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi ya bahari, nikakikata na kubana kipya. Basi.

Sasa tatizo.

Nahodha wetu mkuu simu yake ilizama kwenye kisiwa cha Manda Toto. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kaka yake aliye safarini, kuirudisha ikawa shughuli, akanunua nyingine. Nikabadilisha namba kwenye laputopu yangu, baada ya nusu saa ikaonekana kwa shangazi na mapokezi, simu nazo zikapokea. Raha. Siku tatu baadaye wageni sita wamekaa gatini dakika arobaini juani, mapokezi wanapiga namba isiyopatikana. Ile ya zamani. Nikairekebisha. Ikakaa siku mbili, ikarudi. Nikairekebisha kwa kompyuta ya mapokezi, safari hii nikiwa na mashahidi wawili. Ikarudi.

Nilianza kwa kudhani ni simu. Mtu ana simu iliyokaa nje ya Wi-Fi ya nyumba wiki nzima, akirudi inasukuma kadi zake za kale (kila mtu kitabuni ana kadi yake ya namba). Ni dhana nzuri, ila si sahihi. Kila kadi kwenye seva ina alama yake, ETag, na kadi ikibadilika alama inabadilika. DAVx5 ikitaka kuandika hutuma na If-Match, yaani inasema, nabadilisha kadi ile yenye alama hii niliyoiona mara ya mwisho. Kama seva ina alama nyingine, jibu ni 412, nenda kasome upya. Nilikaa na simu mbili mkononi saa nzima, moja nimeizimia mtandao, nikajaribu kuifanya ile iliyolala iandike juu ya mwenzake. Ilikataa kila mara. Mchelea mwana kulia hulia yeye: nilikuwa nazionea simu huruma ya kuzifuta na kuanza upya, kumbe hazikuwa na kosa.

Hapo ndipo nikafunga Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko, kwenye folda ya Radicale. Ni mstari mmoja tu kwenye mpangilio wa hifadhi, na kila mtu akigusa kadi, badiliko linaandikwa na jina la akaunti iliyoligusa. Nawaambia ukweli, hiki ndicho kitu cha kwanza mngepaswa kuweka, kabla hata ya kadi ya kwanza. Watu wanaulizana kuhusu nakala rudufu. Mimi nataka kujua nani kafanya nini.

Siku ya tatu Git ikanasa. Kadi 38 zimebadilika kwa mpigo mmoja, saa tano na dakika 19 usiku. Akaunti: pamoja.

Kosa langu la kwanza hilo. Kompyuta zote na simu zote zilikuwa zinaingia kwa akaunti moja niliyoiita pamoja, kwa uvivu. Lakini saa niliiona wazi, na saa tano usiku mapokezi kuna kijana mmoja tu wa zamu. Nikamwita. Nikamuuliza kwa upole wa uongo, ule ambao mtu huujua mara moja. Akasema, "Kaka, mimi usiku ule stima ilipotea, nilikuwa nimelala darini." Nikamwambia kabla haijapotea. Akanyamaza, akaenda zake, na siku nne tukawa tunasalimiana kwa kichwa.

Nikagawa akaunti. Mapokezi yake, shangazi yake, yangu, na kila simu yake. Haki nikaziandika kwenye faili ili wote wafikie kitabu kimoja, na nikachukua nafasi hiyo kutenga namba za wageni kwenye kitabu cha pili kinachoonwa na shangazi na mapokezi tu. Namba ya mgeni si ya kila mtu, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Akaunti ya pamoja nikaiondoa kwenye kila kifaa, kimoja kimoja. Kwenye seva nikaiacha. Sikuwa na sababu ya maana, nilichoka tu.

Juma lililofuata: kadi 38, saa nane na dakika 18 usiku. Akaunti: pamoja.

Akaunti isiyotumiwa na yeyote. Nilimwonyesha shangazi, akatazama skrini kwa muda, akasema, "Mwanangu, nyumba hii ina miaka. Soma Yasini." Nilicheka, lakini usiku ule nilipanda ngazi haraka kidogo.

Nikakaa na vitu viwili nilivyokuwa nimevipita. Cha kwanza: kwa nini 38? Wenye punda hawaguswi. Mafundi hawaguswi. Muuza barafu amebadilisha namba mara mbili mwaka huu na zote zimekaa. Zinazorudi ni za manahodha na mabaharia peke yao. Cha pili: dakika. Niliorodhesha kila tukio: 23:19, 02:18, 19:19, 23:19. Saa yoyote ile, lakini dakika hazitoki kwenye 18 na 19. Mwizi gani anaiba kwa dakika?

Dakika ya 17 ndiyo iliyonifungua macho. Raspberry Pi 3 haina saa ya betri. Ikizimika, haijui ni saa ngapi. Badala yake kuna kiprogramu, fake-hwclock, kinachoandika saa kwenye kadi ya kumbukumbu ya Pi kila baada ya saa moja, na kwenye mfumo wangu kazi za kila saa hufanyika dakika ya 17. Stima ikikatika saa tano na dakika 40 usiku na kurudi baada ya adhana ya alfajiri, Pi inaamka ikiamini bado ni saa tano na dakika 17 za usiku. Ingeuliza mtandaoni ingesahihishwa, lakini rauta nayo ndiyo inaamka, na kama bando limekwisha hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo ile 23:19 haikuwa saa tano usiku hata kidogo. Ilikuwa alfajiri, dakika mbili baada ya stima kurudi. Kijana alikuwa amelala darini kama alivyosema.

Basi ni kitu kinachofanyika dakika mbili baada ya stima kurudi. Nikapandisha kiwango cha maelezo ambayo Radicale huyaandika kuhusu kila ombi, ambacho nilikuwa nimekishusha ili kadi ya kumbukumbu ya Pi isichakae, kisha nikaenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, nikaomba radhi kwa wageni wawili waliokuwa wakinywa kahawa, nikazima na kuwasha. Mstari ukatoka: ombi la PUT, yaani la kuweka kadi, kutoka anwani 192.168.1.23, kwa kutumia curl/7.81.0, kiprogramu cha kutuma vitu kwa amri.

Curl si jini. Curl ni mtu aliyeandika skripti, amri za kujiendesha zenyewe. Na 192.168.1.23 ni kompyuta ya mapokezi, na aliyeandika skripti ni mimi.

Wiki ya kwanza ya mradi, kabla ya yote, nilikuwa nahamisha namba kutoka kwenye jedwali la zamani kwa mafungu. Fungu la kwanza: manahodha, 38. Stima ikakatika katikati. Nikaanza upya, ikakatika tena. Kwa hasira nikaweka kwenye crontab, orodha ya kazi ambazo kompyuta huzifanya yenyewe, mstari wa @reboot: kompyuta ikiamka, ngoja sekunde 90 rauta isimame, kisha pakia kadi zote 38. Nikaenda kula. Mafungu mengine niliyapakia kwa mkono siku iliyofuata stima ikiwa imetulia, na ule mstari nikausahau kama mtu anavyosahau tasbihi msikitini. Laputopu hazizimiki stima ikikatika, zina betri. Ya mezani inazimika, na nilikuwa nimeiweka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Na curl -T haitumi If-Match. Haiulizi alama, haingoji 412. Inaweka tu, na seva inapokea. Ndiyo ilivyo: seva hulinda kadi dhidi ya anayeuliza, asiyeuliza hana wa kumzuia.

Mstari mmoja nimefuta. Wiki tano.

Kijana nimempelekea mahamri na mbaazi nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo jini ni wewe?" Sasa ndilo jina langu mapokezi.

Akaunti ya pamoja imekufa rasmi. Saa ya Pi nayo nimeipatia dawa: kipande cha saa, DS3231, chenye betri ya kifungo, kimetoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe na kuvuka na boti ya asubuhi. Waya nne, mstari mmoja kwenye faili la mpangilio, config.txt, fake-hwclock nikaiondoa kabisa, maana ukiziacha zote mbili zinagombana wakati wa kuamka. Raspberry Pi 5 imekuja na saa yake ndani ila betri unanunua mwenyewe. Sijaona haja ya kubadilisha mashine kwa ajili hiyo. Jana stima ilipotea saa mbili nzima, rauta nikaichomoa makusudi, Pi ikaamka ikataja saa sawasawa na ya mkononi mwangu.

Hatua iliyokuwa inafuata ni kusafisha majina. Tuna Ali Shela, Ali wa Shela na Bw. Ali (Shela), na sina hakika kama ni watu watatu au mmoja. Namba nyingine zimeandikwa kwa 07, nyingine 01, nyingine +254, na wale wa Pemba +255. Nilipanga kuanza Jumatatu.

Sikuanza. Radicale inabeba kalenda pia, jambo nililolijua siku zote bila kulijali, na Jumapili usiku nikawaza: mbona maji ya bahari, kujaa na kupwa kwake, yasiwe humo? Boti za kwenda Pate zinapita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki maji yakitoka. Wageni huuliza kila siku tunaondoka saa ngapi, na mapokezi hupiga simu kwa nahodha kuuliza. Nikaandika skripti (ndiyo, nyingine, ila hii haina @reboot) inayohesabu mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikaweka bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kwenye simu za wote kwa miezi mitatu.

Leo asubuhi nahodha mwenyewe amepita kuchukua posho. Nikamwonyesha. Akashika simu mbali na macho, akasogeza kwa kidole, akatikisa kichwa. "Umeweka bamvua siku ya mwezi wenyewe. Maji hayajazi siku hiyo. Ngoja siku moja, mbili mbele, ndipo yanajaa hasa."

Nimeshafungua skripti. Naongeza siku mbili.